Mbona tunamtetea kiongozi wa dini kabla hata hatujasikia ameshtakiwa nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huwa naulizwa na watu wa dini tofauti, wengi usiku, siku ileile habari imetoka kuhusu mchungaji wao au padri wao au sheikh wao na mtu hajui ashike wapi. Najibu kama mtu aliyewahi kukaa upande wa watetezi, nilitetea kwa nguvu zangu zote na nilikosea, kwa hiyo ukiona sehemu nimekuwa mkali ujue ukali huo ulianza na mimi.

Huu upendeleo wa kihisia tunaokuwa nao kwa viongozi wetu ndo nini hasa?

Ni pale moyo unatoa hukumu kwanza alafu akili inaitwa baadaye kuja kutafuta sababu. Kumbuka tu ulivyosikia habari mara ya kwanza, kabla hujajua nani analalamika, ilitokea lini, kuna ushahidi gani, ulishasema "haiwezekani". Ulijuaje? Hukujua, iliuma tu, na yale maumivu yakajivika nguo za hoja.

Kuna kipimo kimoja huwa nampa kila mtu. Chukua tuhuma hizohizo, ushahidi uleule, alafu weka jina la kiongozi wa dini nyingine ambayo huna habari nayo. Kama ungeamini hapohapo na pengine kuwatumia na wenzako, basi ujue kinachokuongoza sasa hivi ni mapenzi, ushahidi bado hujaugusa.

Lakini mbona inauma kama nimeshtakiwa mimi mwenyewe?

Kwa sababu kwa namna fulani ni kweli umeshtakiwa wewe. Huyu mtu si kama mbunge au bosi wa kazini. Ndo aliyefungisha ndoa yako, ndo aliyemwombea mtoto akiwa na homa, ndo alisimama kaburini. Wangu mimi alikuja hospitali saa nane usiku baba yangu anakata roho, mvua inanyesha, viatu vyake vimeloa mpaka soksi, akakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka asubuhi ameshika mkono wa mzee. Sasa mtu kama huyo miaka sita baadaye unaambiwa kuna binti wa kwaya, ana miaka kumi na sita, anasema amemfanyia kitu kibaya ofisini, wewe unaona nini? Unaona zile soksi. Binti humuoni kabisa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, mwaka 1957 aliielezea hali hii vizuri, kwamba binadamu hawezi kutulia akiwa na mambo mawili kichwani yanayopigana, kwa hiyo atatafuta njia ya kulipunguza nguvu moja, na kawaida linalopunguzwa ni lile ambalo likiwa kweli litatugharimu zaidi. Na hili linagharimu kweli. Kama yeye ni muongo, basi mimi miaka kumi na minne nilikuwa nafanya nini pale, zile sadaka nilikuwa nampa nani, watoto wangu nimewapeleka kufundishwa na nani, wale niliowavuta wajiunge nitawaambia nini. Ukiona mtu anamtetea kiongozi huku anatetemeka mikono, mara nyingi anatetea miaka yake mwenyewe, na mimi simlaumu, naomba tu alijue hilo kabla hajaanza kuongea.

Mimi namjua vizuri, hawezi kufanya hivyo. Kumjua kwangu si ushahidi?

Ni ushahidi wa jinsi alivyokuwa na wewe. Basi. Na hapa naomba tukae kidogo maana ndo sehemu watu wengi wazuri wanapotea.

Mwaka 1920 Edward Thorndike aliangalia jinsi maofisa wa jeshi walivyokuwa wanawapa alama askari wao, akakuta ofisa akimuona askari ni mzuri kwenye jambo moja basi anampa alama za juu na kwenye mambo mengine ambayo hayahusiani. Ndo sisi. Anahubiri mpaka watu wanalia, anasoma Qur'ani sauti inakutoa machozi, anafunga, anasaidia yatima, basi tunamalizia wenyewe kwamba na akiwa peke yake na binti mlango umefungwa yuko hivyohivyo. Hiyo ya mlango hatukuiona, tumeijaza tu.

Jean Vanier ndo mfano ulionimaliza mimi. Alianzisha L'Arche, nyumba ambazo watu wenye ulemavu wa akili wanaishi pamoja na wasio na ulemavu, zikaenea nchi nyingi, na alipofariki Mei 2019 watu wengi walimwita mtakatifu. Februari 2020 shirika lake mwenyewe likatoa ripoti, sio maadui, shirika lake, kwamba aliwanyanyasa kingono wanawake wasiopungua sita kwa kisingizio cha kuwaongoza kiroho. Na zile nyumba je, zilikuwa uongo? Hapana, zilikuwa kweli, watu walipendwa kweli. Vyote viwili vilikuwa kweli, na hapo ndo akili inagoma, inataka ichague kimoja.

Alafu kuna hili, mtu anayefanya mambo haya anachagua. Hamfanyii mzee wa kanisa, hamfanyii mke wa mwenyekiti wa kamati. Anamtafuta ambaye hana baba, ambaye ameshaonekana ni mkorofi, ambaye hata akisema hataaminika. Kwamba hakukugusa wewe kunaweza kuwa kunaonyesha tu kwamba alijua wewe una sauti.

"Msiwaguse masihi wangu" je? Hatuvunji maandiko kwa kumhoji mtumishi wa Mungu?

Huu mstari ni Zaburi 105:15 na naomba usome kuanzia mstari wa 12. Unawazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wanatangatanga kutoka taifa moja hadi jingine, na Mungu akawakemea wafalme wasiwaonee. Yaani ni mstari wa kumlinda mdogo dhidi ya mkubwa! Sisi tumeugeuza tunamlinda mwenye madhabahu, maikrofoni na walinzi dhidi ya binti wa kwaya.

Na Biblia hiyohiyo ina nabii Nathani anamwendea mfalme Daudi baada ya dhambi yake, masihi yaani mpakwa mafuta kweli, anamwambia usoni kwamba mtu huyo ni wewe. Ina Paulo anampinga Petro mbele ya watu, Wagalatia 2. Wengi wanapenda kunukuu 1 Timotheo 5:19, usikubali mashtaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu, alafu wanafunga kitabu, wakati mstari wa 20 unasema wanaoendelea kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote.

Kwa ndugu zangu Waislamu, Qur'ani 4:135 inataka mtu asimamie haki hata kama ni dhidi ya nafsi yake au wazazi au jamaa wa karibu. Sasa kama mzazi wako hana kinga, imamu ataipata wapi? Na ipo hadithi maarufu ya Mtume, walipokuja kumwombea mwanamke wa ukoo mkubwa aliyeiba, akasema waliowatangulia waliangamia kwa sababu mwenye cheo akiiba walimwacha, mnyonge akiiba wanamwadhibu, na kwamba hata angekuwa Fatima binti yake asingemwacha. Kumsitiri mtu aibu yake ya faragha ni jambo jema sana, lakini mtu anayeumiza wengine hiyo si aibu yake ya faragha tena.

Na kama amesingiziwa? Yusufu naye alisingiziwa.

Inatokea, na anayekwambia haitokei anakudanganya. Kadinali George Pell wa Australia alikutwa na hatia ya kunyanyasa watoto kingono Desemba 2018, akakaa jela zaidi ya siku 400, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ya Australia, majaji wote saba, wakafuta ile hukumu. Ila angalia kilichomtoa. Ni majaji waliokaa na ushahidi ukurasa kwa ukurasa. Waliokuwa wanapiga kelele za kumtetea hawakumtoa na waliokuwa wanamzomea hawakumfunga.

Kuhusu Yusufu, kila mtetezi anamtaja na mimi mwenyewe nilimtaja. Sasa tusome vizuri. Yusufu alikuwa mtumwa, kijana mgeni ndani ya nyumba ya watu, na aliyemshtaki ni mke wa bosi. Mwenye nguvu ndo alimsingizia asiye na nguvu, na nyumba nzima ilikuwa tayari kumwamini mwenye nguvu. Ukilinganisha na kesi yako, Yusufu ni yupi pale, ni askofu au ni binti? Na kwenye Qur'ani sura ya 12 kuna jambo zuri mno, mtu wa jamaa wa yule mwanamke alisema iangalieni kanzu, ikiwa imechanika mbele mwanamke amesema kweli, ikiwa imechanika nyuma amesema uongo. Hawakuuliza Yusufu ana karama gani, wala huyu mama ni wa ukoo gani. Wakaangalia kanzu. Mimi naomba hicho tu, tuiangalie kanzu.

Mbona huyo anayelalamika alikaa kimya miaka yote?

Angemwambia nani? Angekwambia wewe? Mwaka 1997 wanaume kadhaa walijitokeza hadharani kumshtaki padri Marcial Maciel, mwanzilishi wa shirika la Legion of Christ, kwamba aliwanyanyasa wakiwa wavulana seminari. Wakaitwa waongo na watu wenye njama. Vatikani ilimwondoa kwenye huduma 2006, akafa 2008, na 2010 ndo Vatikani ikasema wazi kwamba maovu yake yalithibitika. Miaka tisa tangu waongee mpaka hatua ikachukuliwa, na hao walikuwa watu wazima, wengine wasomi. Mtoto wa darasa la saba afanyeje.

Nitajuaje kama nimeshaanza kutetea kwa hisia?

Sikiliza maneno yako. Jennifer Freyd, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1997 aliandika kuhusu mtindo wa watuhumiwa wengi, kwanza anakana, pili anamshambulia anayelalamika, tatu anageuza kibao yeye ndo anakuwa muathirika. Kwenye dini hatumwachii hata mtuhumiwa afanye kazi hiyo, tunamfanyia sisi bure. "Anatumiwa na maadui wa huduma." "Ni vita vya kiroho." "Huyo binti tunamjua tabia yake." "Alifuata nini ofisini saa hizo?" "Wanatafuta hela." Ukishaanza kusema hivi angalia kitu kimoja, kati ya sentensi zote hizo hakuna hata moja inayojibu kama jambo lilitokea au halikutokea.

Dalili nyingine ni kwamba unajua mambo mengi ya mlalamikaji, alivyovaa, mama yake alivyoachika, alivyofeli mtihani, ila hujui kabisa anachosema kilitokea siku gani.

Watu maelfu wakisimama naye si ishara kwamba hana kosa?

Hapana. Tarehe 25 Agosti 2017 mahakama ya Panchkula nchini India ilimkuta Gurmeet Ram Rahim Singh, kiongozi wa kundi la kidini, na hatia ya kuwabaka wanawake wawili waliokuwa wafuasi wake. Maelfu kwa maelfu ya wafuasi walikuwa wamekusanyika kumsubiri, hukumu ikatoka, magari yakachomwa, na watu zaidi ya 30 wakafa siku hiyo. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Kesi ilianza na barua isiyo na jina ya mwaka 2002. Umati ulikuwa mkubwa kweli na mapenzi yao yalikuwa ya kweli, lakini hakuna hata mmoja kwenye ule umati aliyekuwa chumbani.

Kwenye mambo ya hela nako ni hivyohivyo?

Ni hivyohivyo ila hapa ni rahisi zaidi maana karatasi zinaongea. Mhubiri wa televisheni wa Marekani Jim Bakker mwaka 1989 alikutwa na hatia ya ulaghai kwa kuuza nafasi nyingi za malazi kuliko vyumba alivyokuwa navyo, akapewa miaka 45, ikapunguzwa, akatoka 1994. Ukiambiwa kuomba mahesabu ni kukosa imani, omba mara mbili.

Tukiongea hadharani si tunaiaibisha dini yetu?

Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilitoa habari za mapadri wa Boston waliowanyanyasa watoto. Kilichowachoma waumini zaidi ya yote ni kujua kwamba viongozi walikuwa na taarifa na wakawa wanamhamisha padri kutoka parokia moja kwenda nyingine, kimyakimya, kwenye watoto wengine. Kadinali Bernard Law akajiuzulu Desemba mwaka huohuo. Nchini Ufaransa tume huru ilikadiria Oktoba 2021 kwamba watoto 216,000 walinyanyaswa na mapadri na watawa tangu 1950. Sasa niambie, katika hao, wangapi waliguswa baada ya mtu fulani kujua na kuamua anyamaze ili dini isiaibike? Mimi swali hilo linaninyima usingizi.

Ameomba msamaha mbele ya watu, amelia. Si tusamehe yaishe?

Wangu naye alilia. Baada ya miezi minne wazee walimbana na akakiri, na Jumapili akasimama mbele, akashika kitambaa cheupe, akalia mpaka akapiga magoti. Watu wakakimbia kumkumbatia, na mimi nilikuwa wa tatu au wa nne. Nikageuka nikiwa bado nimemshika bega nikaona benchi la nyuma kabisa yule mama, mama wa binti, amekaa peke yake na mkoba wake mapajani. Benchi zima peke yake. Hakuna mtu aliyekimbilia kule.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kusamehe ni haki ya aliyeumizwa, wewe na mimi hatujaumizwa hatuwezi kumsamehea. Na hata yeye akisamehe, cheo ni kitu kingine, na sheria ni kitu kingine. Mtu anaweza kusamehewa na akaenda jela, na akasamehewa na asikae tena na watoto maisha yake yote.

Habari imetoka leo asubuhi, mimi nifanye nini?

Usiandike chochote leo. Kweli, usiandike, wala usi-forwadi. Ukihitaji kulia lia na mtu mmoja unayemwamini. Usitafute mlalamikaji ni nani na ukimjua usimtaje, wala usiende na kikundi kumwombea, maana mtoto akiona watu wazima nane wamemzunguka wanaomba anaelewa kabisa wanataka afute maneno.

Kama ni mtoto, habari iende polisi, isianzie kwa kamati, wazee wakianza kuhoji wenyewe wanaharibu ushahidi na wanamchosha mtoto kwa kumrudisha kulekule mara tano. Kama ni jambo la ndani, uchunguzi ufanywe na watu ambao mtuhumiwa hakuwateua na hawali kwake, na yeye akae pembeni wakati unaendelea. Kukaa pembeni si hukumu, hata daktari husimamishwa kazi huku anachunguzwa na hakuna anayesema tumempinga Mungu.

Na mapenzi yako kwake usiyalazimishe kufa. Mpelekee chakula, kaa na mke wake, mwambie nakupenda na nasubiri ukweli. Hilo linawezekana, nimeona watu wakilifanya.

Nitabaki na imani yangu kweli kama akikutwa na hatia?

Wengine wanabaki, wengine wanaondoka kwa muda, wengine hawarudi, na sitaki kukuahidi. Kwangu mimi ilisaidia kujua kwamba ule usiku wa hospitali nilifarijiwa kweli, na aliyenifariji hakuwa yeye peke yake.

Mimi nishamtetea hadharani, nimemtukana hata yule dada. Nimechelewa?

Papa Fransisko Januari 2018 akiwa Chile aliulizwa kuhusu askofu Juan Barros, aliyetuhumiwa kufumbia macho unyanyasaji wa padri mmoja, akajibu kwamba hakuna ushahidi na yote ni uzushi. Waathirika waliumia sana. Alafu akamtuma askofu mkuu Charles Scicluna akawasikilize, ikarudi ripoti ya kurasa kama 2,300, na Aprili Papa akaandika kwamba alifanya makosa makubwa, akawaita wale waathirika Vatikani akawaomba msamaha. Mei maaskofu wa Chile wote wakaandika barua za kujiuzulu. Kama yeye alirudi nyuma dunia nzima ikiangalia, wewe na mimi tunaweza.

Ila rudi palepale uliposemea. Mimi nilikuwa nimetuma voisi ya dakika nne kwenye grupu la WhatsApp, nimemtaja binti kwa jina, nimesema mama yake ameshindwa malezi. Nilipojua ukweli nikatuma nyingine kwenye grupu lilelile, nikasema nilisema uongo juu ya mtoto wa watu, naomba kila aliyeisambaza ile ya kwanza aisambaze na hii. Alafu nikaenda kwao. Mama hakunikaribisha ndani, akasimama mlangoni ameshika kitasa, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Nikamwambia dada, naomba unisamehe. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kitu kimoja tu, kama ile voisi ya kwanza bado ipo kwenye simu za watu. Nikamwambia ndiyo, ipo.